Mvinyo mwekundu wa shamba moja: kwa nini 2014 haufanani na 2015?

MtunzaGhala (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kabla sijaingia kwenye mada naomba nieleweke: mimi sinywi, na uzi huu haumwiti mtu kunywa. Ninatunza ghala la vinywaji katika hoteli moja hapa Mji Mkongwe tangu 2008, na katika miaka yote hiyo nimepokea, nimehesabu na nimepanga maelfu ya chupa ambazo sijapata kuzionja. Ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma karatasi zinazokuja na mzigo, kwa kuangalia rangi na mashapo, kwa kunusa, na kwa kuwasikiliza wahudumu wanaporudi na maneno ya wageni. Zaidi ya hayo yote nimefundishwa na karafuu, kwa kuwa nimezaliwa Mtambwe, Pemba, na mtu aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba mti uleule hauleti zao lilelile kila mwaka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mgeni mmoja aliagiza mvinyo mwekundu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, unaotokana na shamba moja tu la zabibu za Cabernet Sauvignon, mavuno ya 2015. Akaupenda, akaagiza chupa ya pili. Ile ya 2015 ilikuwa ndiyo ya mwisho, kwa hiyo mhudumu akampelekea ya 2014 yenye lebo ileile, na mgeni baada ya funda moja akasema amebadilishiwa kinywaji. Kijana alinijia ghalani amefadhaika, akaniuliza: "Mzee wangu, shamba moja, zabibu moja, mtengenezaji mmoja, tofauti imetoka wapi?" Usiku ule sikuwa na nafasi ya kumjibu kama swali lilivyostahili, ndiyo maana naandika hapa.

Mvinyo mwingi wa kawaida huchanganywa kutokana na zabibu za mashamba mengi, hata ya wilaya mbalimbali. Bondeni kukinyesha kupita kiasi, mtengenezaji huongeza za mlimani. Mwaka ukiwa wa joto, huongeza za karibu na bahari ambako upepo ni wa baridi. Kwa njia hiyo ladha hubaki karibu ileile, na mnywaji hana haja ya kuangalia mwaka. Mwenye kutia jina la shamba moja kwenye lebo amejifungia mlango huo. Mfano mashuhuri ni Romanée-Conti, shamba la hekta 1.8 tu katika kijiji cha Vosne-Romanée, Burgundy, Ufaransa. Mizabibu yake ya zamani ilikuwa imedhoofika, ikang'olewa baada ya mavuno ya 1945, mipya ikapandwa, na tangu 1946 hadi 1951 haikutoka hata chupa moja yenye jina hilo. Wenyewe wana mashamba mengine palepale jirani, tena mazuri, lakini zabibu za jirani si za pale.

Sasa turudi kwenye chupa zetu mbili. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa kuvuna. Kule kusini mzabibu huamka Septemba, huchanua karibu na Novemba, na huvunwa kuanzia Februari, kwa hiyo chupa ya 2014 ilianza safari yake 2013. Novemba 2013 mvua kubwa zilipiga eneo la Cape, ambamo Stellenbosch imo, hadi mito ikafurika, na unyevu haukuisha upesi. Mti ulioshiba maji huotesha majani mengi, kuvu hupata pa kujificha, na punje hunenepa. Msimu uliofuata ulikuwa kinyume: mvua za kipupwe cha 2014 zilijaza ardhi, kisha kikaja kiangazi kikavu chenye joto na upepo, punje zikabaki ndogo, na mavuno ya 2015 yakawahi kwa karibu wiki mbili.

Udogo wa punje si jambo dogo hata kidogo. Ndani ya zabibu nyekundu maji huwa meupe. Iminye kwa vidole uone. Rangi, sehemu kubwa ya harufu, na ule ukakasi uitwao tanini, unaokausha ulimi kama bibo changa, vimo katika ganda na kokwa, na ndiyo sababu mvinyo mwekundu huachwa uchachuke pamoja na maganda yake. Punje ndogo ina ganda jingi kwa maji machache. Nilimimina masalio ya chupa zile katika glasi mbili, nikaziinamisha juu ya kitambaa cheupe cha meza. Ya 2015 ilikuwa nyeusi katikati kama maji ya zambarau zilizoiva sana, na ukingoni ikabaki rangi ya damu ya mzee. Ya 2014 niliweza kuiona tarizi ya kitambaa kupitia kwenye glasi, na ukingo wake ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya tofali. Zimepishana umri mwaka mmoja tu. Kilichozitenga ni mvua.

Nilikumbuka mwaka ambao mvua ilitukuta karafuu zikiwa jamvini siku ya pili. Tulizikusanya mbio, watoto kwa wakubwa, tukazirundika ukumbini, na zilipokuja kukauka zilikuwa zimepauka, ukizikunja hazikatiki kwa mlio. Mikarafuu ilikuwa ileile ya babu.

MkulimaKonde

Wa alaykum salaam, kaka MtunzaGhala. Mimi ni mkulima wa karafuu na sijapata kuliona shamba la zabibu, lakini maelezo yako nimeyafuata neno kwa neno. Nina swali moja. Sisi tunajua kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka unaofuata hupumzika, na pengine miaka miwili, na mti uliovunjwavunjwa matawi na wachumaji hukawia zaidi kurudi. Je, mzabibu nao una kumbukumbu ya namna hiyo, au kila msimu huanza upya?

MtunzaGhala

Umegusa penyewe, ndugu yangu. Mzabibu una kumbukumbu. Kile kitakachokuwa kichala cha mwakani huanza kujiumba ndani ya jicho la tawi katika kiangazi cha mwaka huu, wakati zabibu za sasa bado ziko mtini. Jua likiyafikia macho hayo vizuri, mwakani vichala vitakuwa vingi; mawingu na baridi vikitawala, vitakuwa vichache, hata kama hali ya hewa ya mwaka huo wenyewe itakuwa nzuri namna gani. Maana yake ni kwamba tarakimu nne za kwenye lebo zinabeba misimu miwili, na mimi naona jambo hili halisemwi vya kutosha na watu wanaouza mvinyo.

Halafu kuna misiba ambayo kumbukumbu yake ni ndefu kuliko hiyo. Februari 1956 baridi kali ilishuka Bordeaux, Ufaransa, na katika sehemu za Pomerol na Saint-Émilion mizabibu mingi ikafa kabisa, si matawi tu. Waliopanda upya ilibidi wasubiri miaka mingi mpaka mizizi ishuke, kwa sababu mzabibu mchanga hunywa maji ya juujuu na hutikiswa na kila mvua na kila ukame, ilhali mkongwe una mizizi ya chini inayoupunguzia makali ya mwaka. Sisi Wazanzibari hatuna haja ya kwenda mbali kuelewa hilo. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na mpaka leo karafuu ni ya Pemba. Upepo wa siku moja ulihamisha zao kutoka kisiwa kimoja hadi kingine.

BintiNungwi

Ahsante sana, kaka. Mimi ni mhudumu wa mkahawa huku Nungwi, na ninaposoma haya natamani ningeyajua nilipoanza kazi. Kila siku naulizwa, "Huu ni mwaka mzuri?" Nimefundishwa kujibu kwa orodha: kwa Bordeaux, 2013 mbaya, 2015 mzuri, basi. Lakini nimeona kitu kinachonipa mashaka na orodha hiyo. Mgeni anayekula samaki wa kupaka au pweza wa nazi akinywa mvinyo mwekundu wa mwaka unaosifiwa, mara nyingi huacha nusu glasi na kulalamika kuwa mzito mdomoni. Nikimpa wa mwaka ule usiosifiwa, chupa humalizika. Je, ninakosea kumpendekezea mtu mwaka unaoitwa mbaya?

MtunzaGhala

Hukosei, dada yangu, na naomba usiiache tabia hiyo ya kuamini meza kuliko orodha. Bordeaux 2013 masika yao yalikuwa ya baridi na mvua, maua mengi hayakufunga matunda, na karibu na kuvuna uozo ulianza kuingia katika vichala hata wengine wakalazimika kuvuna kabla ya wakati. Hayo ni kweli. Lakini neno "mbaya" linachanganya mambo mawili. La kwanza ni hasara ya mkulima, ambayo ni kubwa na ya kuhurumiwa. La pili ni hali ya kinywaji chenyewe, ambacho mwaka wa baridi hukifanya kiwe na uchachu zaidi, kilevi kidogo na ukakasi mwepesi. Kinywaji cha namna hiyo hakitakaa ghalani miaka thelathini, lakini kinakuwa tayari mapema, na pembeni ya nazi na ndimu hakigombani na chakula.

Ungepata nafasi ya kuzipanga chupa za shamba moja za miaka mitano mfululizo, nakuhakikishia kwamba ile ya mwaka wa dhiki ndiyo ingekuonyesha shamba lilivyo. Mwaka wa jua la kutosha mashamba mengi hufanana, yote yamenona na yote matamu. Mvua ikizidi ndipo unapojua ni ardhi ipi inayopitisha maji na ipi inayoyatuamisha. Hilo ni rai yangu, nami nimelishikilia kwa muda mrefu.

Ila kabla hujaulaumu mwaka, angalia ghala. Umeme ulipokatika Unguja yote kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hoteli yetu iliwasha jenereta kwa ajili ya jikoni na vyumba vya wageni, ghala likaachwa katika joto la kaskazi. Wiki ya tatu nilikuta vizibo vimepanda juu kama kidole kinachochungulia, na shingo za chupa zina michirizi ya utomvu mwekundu. Kulikuwa humo na mvinyo wa miaka iliyosifiwa na isiyosifiwa. Wote ulinuka matunda yaliyopikwa. Nilisikitika sana, kwa sababu kazi ya watu na mvua za nchi za mbali zilifutwa katika chumba changu mwenyewe.

MaalimJiografia

Naomba kuchangia upande wa hali ya hewa, kwa kuwa nafundisha somo hilo. Huko Beaune, katikati ya Burgundy, zimehifadhiwa kumbukumbu za tarehe za kuanza kuvuna zabibu tangu 1354, na watafiti waliziunganisha hadi 2018. Zinaonyesha kwamba tangu 1988 mavuno yamekuwa yakianza kwa wastani siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa kwa karne nyingi zilizotangulia. Fikirieni: makarani wa miji na makanisa waliandika tarehe ya kuvuna kwa sababu za kodi na utaratibu wa kazi tu, na bila kujua wakatuachia kipimajoto cha zaidi ya miaka mia sita.

Joto lina hesabu yake ngumu. Sukari ya zabibu hupanda upesi jua likiwa kali, na sukari ndiyo inayogeuzwa na chachu kuwa kilevi. Uchachu nao huungua usiku ukiwa wa joto. Lakini ganda na kokwa vinahitaji siku za kuiva, na siku haziharakishwi na joto kwa kiwango kilekile. Katika wimbi la joto la 2003 huko Ulaya, Burgundy walivuna Agosti, jambo ambalo wazee wao hawakulizoea, na wengi walipata zabibu zenye sukari nyingi, uchachu mdogo, na ukakasi ambao haujalainika.

Na mwaka huohuo mmoja haukuwa na neno moja kwa mashamba yote. Kwenye changarawe, ambako maji hushuka haraka, mizabibu ilikauka majani. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa Pomerol, unaoshika maji chini, ilivumilia. Mwaka wa mvua mambo hugeuka: changarawe husifiwa na mfinyanzi hulaumiwa. Kwa hiyo ndugu MtunzaGhala amesema kweli kuhusu mwaka wa dhiki, ila ningeongeza kwamba dhiki ni mbili, ya maji na ya ukame, na shamba lisilojulikana katika zote mbili halijajulikana.

MtunzaGhala

Maalim, nimekubali masahihisho. Nilikuwa nikifikiria mvua tu, pengine kwa sababu ya yale majamvi.

MgogoUnguja

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwenyeji wa Dodoma, nafanya kazi ya ujenzi hapa Fuoni, na nimeshangaa kuona uzi mrefu wa mvinyo Zanzibar ambao bado haujaitaja Dodoma. Mjomba wangu ana ekari mbili za mizabibu Mpunguzi, na baadhi ya mliyoyaandika hayafanyi kazi kwetu.

Ninyi mmesema mzabibu huamka. Kwetu haulali. Dodoma iko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai una ubaridi wa kutosha kuvaa koti, lakini hakuna baridi ya kuangusha majani yote na kuufanya mti ulale. Ukiuacha mzabibu wa Dodoma bila kuugusa utaendelea kuota majani tu, utazaa kidogo hapa na kidogo pale, na vichala vya umri tofauti katika tawi moja. Kinachofungua msimu ni mkasi. Mkulima anapogoa, anaacha macho machache, na kuanzia siku hiyo anahesabu karibu miezi minne hadi kuvuna. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, halafu Agosti hadi Septemba.

Mavuno hayo mawili si ndugu wa tumbo moja. Sisi tuna mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Zabibu za Februari zinaivia ndani ya mvua: ukungu unakuwa kwenye majani, mjomba hashushi bomba la dawa mgongoni, na punje zinajaa maji. Zile za Agosti zinaivia ndani ya ukavu na usiku wa baridi. Sukari inapanda, ganda linakuwa gumu, na mkononi unasikia kishindo cha punje inapong'oka kwenye kikonyo. Zabibu nyekundu tunayoilima zaidi kwa mvinyo ni ile ya Makutupora, na mtu aliyeila ya Agosti hawezi kuichanganya na ya Februari. Lakini mnunuzi akishaipakia kwenye lori inachanganywa na ya mashamba mengine, na jina la Mpunguzi linaishia hapo.

MkulimaKonde

Kwa hiyo huko kwenu bwana shamba ndiye msimu. Na Pemba je? Ardhi ninayo, na mkasi ninao.

MgogoUnguja

Mzee wangu, mti utaota na kivuli utapata, hilo sina shaka nalo. Lakini mkasi hauwezi kuzuia mvua. Pemba mna masika na vuli, na katikati yake manyunyu na unyevu wa bahari. Huwezi kupata miezi minne mikavu ya kuivisha kichala. Ukungu utavuna kabla yako. Baki na mikarafuu, mzee wangu, imekuchagua yenyewe.

MtunzaGhala

Ndugu MgogoUnguja, umenionyesha kosa ambalo nimelifanya katika daftari langu kwa miaka. Chupa za Dodoma ninazozipokea nimeziandika kwa mwaka tu, kama ninavyoandika za Ufaransa na za Cape. Kwa shamba linalovuna mara moja, mwaka unatosha. Ukiujua mwaka umeujua msimu, kwa kuwa ni mmoja. Kwa shamba linalovuna mara mbili, mwaka peke yake hausemi kitu. Chupa mbili za tarakimu zilezile, moja imeivia mvuani na nyingine imeivia katika ukavu, zinaweza kupishana kuliko 2014 na 2015 ya mgeni wangu, na mhudumu hatakuwa na la kumjibu mtu.

Naamini kwa dhati kwamba siku Dodoma itakapoanza kuuza mvinyo wa shamba mojamoja kwa majina yake, lebo isiige ya Ulaya. Iandike jina la shamba, mwezi wa kupogoa na mwezi wa kuvuna. Hapo mnunuzi wa London na mnunuzi wa Darajani watakuwa wameambiwa ukweli ambao kwa nchi za baridi haukuhitaji kusemwa. Nasi watunza ghala tutajua ipi ya kutoa mapema na ipi ya kulaza. Nakuomba umuulize mjomba wako kama anaweka kumbukumbu ya siku anazopogoa.

BintiNungwi

Nami nasubiri jibu hilo. Wageni wangu wengi huuliza kama Tanzania inalima zabibu, na hadi leo nilikuwa nikijibu "ndiyo" tu.

MgogoUnguja

Nimempigia simu jana usiku. Alicheka kwanza, akasema hakuna mnunuzi aliyewahi kumuuliza. Kisha akaenda na tochi hadi kwenye banda la majembe, akanisomea. Ameziandika kwa chaki nyuma ya mlango, kila mpogoo kwa tarehe yake na idadi ya kreti zilizotoka, na mlango ulipojaa akahamia ukutani. Mpogoo wa mwisho ni wa tarehe 6 Mei. Amesema mkija Agosti mwishoni mtamkuta anavuna.